Kabla ya Kupanda Ndege: Pombe, Mchango na Mwanafunzi wa Kericho Aliye Ng'ambo

Mzazi wa Litein au Sotik akisikia kwamba mwanawe aliye masomoni Marekani ameanza kulewa, hukumu ya kijiji huwa moja: ng'ambo imemharibu. Makala haya yanaipinga hukumu hiyo. Kinachomponza mwanafunzi huyo, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa hapa hapa nyumbani, kwa jinsi tunavyomlea kuhusu pombe na jinsi tunavyomchangia nauli na karo. Kwa hiyo kinga nayo ianzie Kericho na Bomet.

Tuanze na malezi. Miongoni mwa Wakipsigis, maiywek ilikuwa pombe ya wazee. Walikizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na kijana hakuwa na nafasi pale. Wamisionari wa Tenwek na kanisa la Africa Gospel walipokuja, walileta katazo jingine: asinywe mtu yeyote. Makatazo hayo mawili yanatofautiana sana, lakini yote yanasimamia macho ya watu. Mzee wa kokwet, yaani wa kijiji, anakuona, mchungaji anakuona, shangazi anakuona ukitoka sokoni. Kijana hafundishwi kujipima, na anayetaka kuonja hujifunza kujificha. Anakojificha hukuta pombe kali ya chang'aa. Ingawa sheria ya mwaka 2010 iliihalalisha kwa masharti ya leseni na chupa, ile ya vichochoroni bado huuzwa kwa kikombe, na nguvu yake haijulikani.

Kijana huyo huyo akifika Texas, macho yote yamebaki nyuma. Jumamosi saa tano usiku kwake ni Jumapili saa moja au saa mbili asubuhi Kericho. Mama anajiandaa kwenda ibadani wakati mwana anaingia kwenye sherehe. Baadaye mama atapiga simu kuuliza, “Umeenda kanisa?” Atajibiwa, “Ndiyo, mama,” na mazungumzo yatahamia kwenye mvua na bei ya majani ya chai.

Kwamba katazo la nje huacha pengo mtu anapovuka mpaka si jambo la Wakipsigis peke yao. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi 177 wa chuo hicho waliokwenda kusoma nchi nyingine. Wakiwa nje, unywaji wao uliongezeka maradufu, kutoka wastani wa vinywaji 4 kwa wiki hadi takriban 8. Walioongeza zaidi ni wale wenye umri chini ya miaka 21, ambao sheria ya kwao huwakataza. Pia waliokuwa wamepanga kunywa kabla ya safari, na walioamini kwamba wenzao hunywa sana, walikunywa zaidi. Kwangu hili ndilo fundisho kuu la utafiti huo: unywaji wa ng'ambo huanzia kichwani, kabla ya uwanja wa ndege.

Katika jimbo hilohilo la Washington, mjini Pullman, aliwahi kusoma mwana wa majirani zetu Wanandi, Henry Rono. Alifika Chuo Kikuu cha Washington State mwaka 1976, na mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Pombe ilikuja kumtawala, naye alilieleza hilo waziwazi katika tawasifu yake, Olympic Dream. Jambo la kuzingatiwa ni la Septemba 1981 huko Knarvik, Norway. Ulevi ulikuwa umeshamshika, na bado aliivunja tena rekodi ya mita 5,000. Nani angemshuku bingwa wa namna hiyo? Baadaye alilala katika makao ya wasio na nyumba na kufanya vibarua uwanja wa ndege, kabla ya kuacha pombe, kuwa mwalimu na kocha, na hatimaye kurudi Kenya, alikofariki Februari 2024. Familia zinazochukua alama nzuri na pesa zinazotumwa nyumbani kuwa ushahidi kwamba mtoto yu salama zitafakari habari za Knarvik.

Hapo ndipo mchango unapoingia. Safari ya mwanafunzi kutoka kwetu hulipiwa na wengi: ng'ombe ameuzwa, mkopo wa sacco umechukuliwa, bonasi ya chai imetolewa yote, na bonasi yenyewe magharibi ya Bonde la Ufa kwa kawaida ni ndogo kuliko ya Mlima Kenya. Chini ya hema, mbele ya viti vya plastiki vilivyokodishwa, kila msemaji humwambia kijana asiwaaibishe. Wanasema kwa upendo, lakini anachobeba ni deni lisilolipika. Akifeli somo, akipoteza kazi, au karo ikikwama, hawezi kupiga simu. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu walijionea watoto wao wakikwama Finland na Canada kwa sababu karo waliyoilipa kupitia kaunti haikufika vyuoni. Sisemi kwamba wanafunzi hao walikunywa. Nasema kijana aliye katika hali hiyo, asiye na mtu wa kumwambia, yuko karibu sana na chupa.

Basi afundishwe nini? Kwanza hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 za kileo. Chupa ya vodka ya mililita 700 yenye asilimia 40 ina 280, yaani zaidi ya bia 13. Pili sheria. Marekani inaweza kufuta viza ya mwanafunzi aliyekamatwa akiendesha gari amelewa, hata kabla ya mahakama kuamua. Canada, tangu Desemba 2018, inalihesabu kosa hilo kuwa uhalifu mzito unaoweza kumfukuzisha mgeni nchini. Nchini Uingereza, mtu aliyelewa kiasi cha kutoweza kuamua hawezi kuridhia tendo la ndoa, na anayepuuza hilo anaweza kushtakiwa kwa ubakaji.

Wapo watakaosema kumfundisha kijana wa kanisa vipimo vya pombe ni kumfungulia mlango. Hofu yao naiheshimu, lakini hata asiyekusudia kuonja ataishi chumba kimoja na anayekunywa. Ni lazima ajue kumlaza ubavu mwenzake aliyezimia asije akasongwa na matapishi, asimwache peke yake, na apige 911 Marekani na Canada, 999 Uingereza au 112 Finland. Katazo la kanisa halipungui kwa kuongezewa maarifa.

Chuo Kikuu cha Kabianga kina wahadhiri, Hospitali ya Tenwek ina madaktari, na wahitimu waliorudi kutoka ng'ambo wapo vijijini mwetu na wanaijua hali halisi. Kamati za michango zitakazoketi baada ya bonasi ya Oktoba ziwaite watu hao, ziwape nafasi ya kutosha kuzungumza na msafiri, kisha zimteue mtu mmoja asiye mzazi ambaye kijana atampigia simu bila kuogopa. Na mwenyekiti amtamkie mbele ya wote waliotoa: ukianguka, tuambie mapema, fedha tulizokuchangia hatutakudai.