Mzigo wa Reli, Mgongo wa Resori

Wandugu, leo tuongee historia ya kitu ambacho kila mtu wa Uvira amekwisha kukilipia bila kukitazama: resori ya gari. Wenzetu wa Kigoma wanaita springi. Ni yale mabapa ya chuma yanayopangwa moja juu ya lingine chini ya kamyo, yamepinda kama upinde, yanabeba mzigo na kumeza mashimo ya njia. Siku bapa moja likipasuka, shofere anasimama kando ya barabara na swali moja: tulisude, ama tutafute lingine?

Linaonekana ni swali la garaji tu. Kumbe liliwasumbua wasomi wa Ulaya miaka mingi, na historia yake inapita hapa kwetu, kwenye reli ambayo vijana wengi hawajui kama iliwahi kuwapo.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyojaa watu ilikuwa inatoka Versailles kurudi Paris. Karibu na Meudon, ekseli ya injini ya mbele ilikatika. Injini ikaanguka, mabehewa yakapandana, moto ukawaka. Milango ilikuwa imefungwa kwa funguo, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Walikufa watu zaidi ya 50. Mmoja wao alikuwa baharia Jules Dumont d'Urville, mtu aliyezunguka dunia na kufika mpaka kwenye barafu ya Antaktika. Alirudi mzima kutoka huko, akaja kufia karibu na nyumbani.

Watu walijiuliza: ile ekseli ilikuwa inabeba uzito uleule kila siku, sasa kwa nini ikatike leo? Wengi walisema chuma kinazeeka, kinageuka punjepunje ndani. Mwaka 1843 kijana mmoja wa Scotland, William Rankine, alieleza vingine: ufa unaanzia mahali ambapo umbo la chuma linabadilika ghafula, halafu unaingia ndani pole pole, mpaka sehemu iliyobaki inashindwa. Baadaye Mjerumani August Wöhler, aliyekuwa mtu wa reli, alitengeneza mashine za kupinda chuma mara maelfu na mamilioni. Mwaka 1870 alikuwa amekwisha kuonyesha wazi kwamba chuma kinaweza kukatika kwa mzigo mdogo kuliko nguvu zake, mradi mzigo huo urudierudie. Wahandisi wanaita hali hiyo uchovu wa chuma. Hauhesabu miaka, unahesabu mara ngapi chuma kimepindwa na kwa nguvu gani.

Sasa turudi kwetu. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji walijenga reli ndogo kutoka upande wa ziwa hapa Uvira, ikapita katika uwanda wa Ruzizi mpaka Kamanyola. Kampuni yake iliitwa CEFAKI, yaani reli ya Kivu. Shehena iliyokuja kwa meli kwenye Ziwa Tanganyika ilipakiwa hapo ielekee Bukavu. Reli haikufika Bukavu. Ilikomea Kamanyola, mbele yake ule mlima wa Ngomo, na mizigo ikashushwa kuingia kwenye magari. Kabla ya uhuru wa 1960 reli ilikuwa imekwisha kufungwa.

Reli ilikufa, lakini mzigo haukufa. Saruji, chumvi, mafuta, unga, magunia ya ndagala, vyote vikahamia kwenye makamyo ya barabara ambayo leo tunaiita RN5. Kilichokuwa kinateleza juu ya chuma laini sasa kinadunda kwenye mashimo ya Kiliba, Sange, Luberizi na Luvungi. Na upande wa kusini ni vilevile: Makobola, Mboko mpaka Baraka. Kazi ya reli nzima ikawekwa kwenye mgongo wa resori.

Tupige hesabu ya Wöhler. Tuseme safari ni kilomita 80, na gari linadunda mara moja tu kila mita 10. Hiyo ni mara 8000 kwenda, na 16000 kwenda na kurudi. Safari 63 zinatosha kufika milioni moja. Ongeza tani mbili juu ya kipimo, na kila mdundo unazidi kuumiza. Kwa hiyo shofere anayesema “ilipasuka tu, sikubeba kitu leo” hasemi uongo. Ilianza kupasuka zamani, ikamalizia leo.

Basi tusude ama tubadilishe? Hapa wahunzi wetu wako na jibu kabla ya wahandisi. Mhunzi anapenda sana resori kuukuu, anafanya nayo panga na kisu. Na anajua jambo moja: akisha kuichoma motoni, ile tabia yake ya kupinda na kurudi imepotea. Lazima aipoze kwa kipimo, aichome tena kidogo, ndipo panga lishike makali bila kuvunjika. Chuma cha resori kimepewa tabia hiyo kiwandani kwa moto na mafuta. Msudaji akikigusa kwa moto wake, pembeni ya mshono panakuwa pagumu na pepesi kuvunjika kama chupa, na mbele kidogo panakuwa palegevu. Mshono unaweza kupendeza kwa macho, halafu bapa likakatika sentimita moja kando yake.

Kwa hiyo bapa la resori halisudwi. Na bapa kuu, lile lenye masikio, ndilo hatari zaidi, kwa sababu ndilo linaloshika ekseli mahali pake. Likikatika kwenye mteremko wa Ngomo, ekseli inaweza kuhama na usukani hausikii tena.

Najua mutasema: piyesi mpya ni bei, na mpaka ukifungwa haifiki. Ni kweli. Lakini bapa zima la gari lililokufa ni bora kuliko bapa lililosudwa, ukilipima kwanza. Karakana za reli za zamani zilikuwa na njia ambayo hata hapa inawezekana: safisha chuma, kipake mafuta ya taa, ngoja, kipanguse kikauke, kisha kipake unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka ndani yake na kuchora mstari kwenye chaki. Kazi ya nusu saa. Tena, kaza zile bolti zinazofunga mabapa kwenye ekseli. Zikilegea, bapa linachezacheza na kupasuka katikati, kwenye tundu la bolti. Na kuongeza bapa ili kubeba zaidi si dawa: resori ikikataa kupinda, mapigo yanahamia kwenye shasi.

Kwa moto za taksi habari ni tofauti kidogo. Mkono wa nyuma unaoshika gurudumu mara nyingi ni bomba la chuma cha kawaida, na huo unaweza kusudwa. Ila fundi asifunike ufa kwa juu. Atoboe tundu dogo mwishoni mwa ufa usiendelee, auchimbe mpaka uishe, ausude, kisha aweke kiraka chenye ncha zilizochongoka, si cha mraba. Kona ya ghafula ndipo ufa mpya unapozaliwa, kama Rankine alivyosema. Lakini ukipasuka mara ya pili, mkono huo sasa ni wa kubadilisha.

Juu ya makamyo haya wanapanda mama zetu wanaokwenda soko, wanafunzi, na askari wanaorudi nyumbani. Hawaulizwi kama resori ilisudwa. Sisi tuliosoma tunaweza kuuliza kwa niaba yao, pale kwenye parkingi, kabla gari halijaondoka.

Na wenye wazee waliofanya kazi kwenye ile reli ya Kamanyola, wakingali hai muwaulize, mutuandikie hapa. Historia hiyo nayo tusiiache ipasuke kimyakimya.