Upupu, divai na kiti cha kutikisa: miaka mia mbili ya kusaka dawa ya Parkinson

Upupu una sifa mbaya, na unaistahili. Ukipita karibu nao maganda yakiwa yamekauka, vinyweleo vyake vinakuvaa mwilini na utajikuna hadi ngozi ichubuke. Wakulima huukata kabla haujakomaa. Lakini ndani ya ganda lile lenye manyoya kuna mbegu, na ndani ya mbegu kuna levodopa, kemikali ileile iliyo katika vidonge ambavyo madaktari duniani kote huwaandikia wagonjwa wa Parkinson.

Kwa hiyo mtu akisema kwamba tiba mbadala za ugonjwa huu zote ni upuuzi, simkubalii. Akisema kwamba kitokacho shambani hakiwezi kumdhuru mtu, simkubalii pia. Historia ya dawa za Parkinson inazikataa kauli zote mbili, na inafaa kuisimulia sasa, wakati makopo ya dawa lishe yanauzwa kila kona kwa wazee wanaotetemeka na kwa watoto wao wanaotafuta chochote cha kuwasaidia.

Tuanze London, mwaka 1817. Daktari James Parkinson alichapisha kijitabu kuhusu wagonjwa sita, baadhi yao watu aliowaona tu barabarani. Alieleza mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, mgongo unaoinama, na hatua fupi za mbiombio kama za mtu anayesukumwa kutoka nyuma. Maelezo yake ni sahihi hadi leo. Tiba yake haikuwa na kitu: alishauri mgonjwa atolewe damu shingoni, kisha ngozi ya hapo iunguzwe kwa dawa na kidonda kiachwe kitoe usaha.

Aliyeupa ugonjwa jina la Parkinson ni Mfaransa Jean-Martin Charcot, bingwa wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya Salpêtrière, Paris. Wagonjwa wake walimweleza kwamba wakisafiri kwa treni au kwa gari la farasi katika barabara mbovu, hujisikia nafuu wanaposhuka. Charcot hakuwapuuza. Alitengeneza kiti kinachotikisika na kuwakalisha humo, na wengi walisema wamepata ahueni. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, watafiti wa Chicago walitengeneza kiti cha namna hiyo na kukijaribu kwa makundi mawili. Kundi moja lilitikiswa. La pili lilikaa kwenye kiti kilichotulia, likisikiliza sauti za kuburudisha. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu ilikuwa sawa.

Jambo hilo lisichukuliwe kama kichekesho. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, waliupiga picha ubongo wa wagonjwa waliodungwa sindano isiyo na dawa yoyote, huku wagonjwa hao wakitarajia kwamba huenda wamepewa dawa. Ubongo wao ulimwaga dopamini, kemikali ileile ambayo Parkinson huipunguza. Matumaini yao yalikuwa yamefanya kazi mwilini. Mgonjwa anayesema kopo alilonunua limemsaidia wiki mbili za kwanza hasemi uongo. Mkono wake umetulia kweli. Ndiyo maana ugonjwa huu ni mgumu kuupimia dawa, na ndiyo maana muuzaji yeyote, mkweli kwa tapeli, hupata mashahidi kwa urahisi.

Dawa ya kwanza iliyosaidia kwa namna inayoeleweka ilitoka kwenye mmea wenye sumu, beladona. Wanafunzi wa Charcot walikuwa wakiitumia tangu miaka ya 1860. Iliyoipa umaarufu, hata hivyo, ilikuwa mikono ya mganga wa mitishamba wa Bulgaria, Ivan Raev, ambaye katika miaka ya 1920 alikuwa akichemsha mizizi yake katika divai nyeupe. Wakati huo Ulaya ilikuwa na maelfu ya watu walionusurika na gonjwa la kuvimba ubongo lililozuka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakabaki wamekakamaa kama wagonjwa wa Parkinson. Malkia Elena wa Italia alisikia habari za mganga huyo, akaipata siri ya dawa yake na kusaidia kufungua vituo vya kuwatibu Waitalia. Madaktari waliodharau divai ya mkulima walilazimika kuichunguza. Waliona kwamba inapunguza kutetemeka na kukakamaa, ingawa inakausha kinywa na kuwachanganya akili wazee. Mwishoni mwa miaka ya 1940 viwanda vilitoa kidonge kinachofanya kazi kwa njia hiyohiyo. Hospitali zetu za Afrika Mashariki bado zinacho, kinaitwa benzhexol.

Sasa turudi kwenye maharage. Mwaka 1913 mkemia Marcus Guggenheim, aliyefanya kazi katika kampuni ya dawa ya Roche mjini Basel, Uswisi, alichukua maharage mapana ya Ulaya yaliyoota katika bustani ya tajiri wake na kutoa ndani yake unga mweupe. Ulikuwa levodopa. Alimeza gramu mbili na nusu kuona utamfanya nini, akatapika vibaya sana. Akaona hauna faida. Unga ule ukakaa kwenye vitabu vya kemia zaidi ya miaka 40, na hakuna aliyejua kwamba ndiyo dawa iliyokuwa ikisakwa. Mwaka 1937 wanasayansi wa India, Damodaran na Ramaswamy, waliupata tena, safari hii ndani ya mbegu za upupu. Waganga wa Ayurveda nchini mwao walikuwa wakiujua ugonjwa wa kutetemeka kwa jina la kampavata, na upupu ulikuwa miongoni mwa mimea yao ya tiba. Hata hapo hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Aliyefungua njia ni Msweden Arvid Carlsson. Mwaka 1957 aliwapa sungura dawa ya reserpini, iliyotokana na mmea mwingine wa India, wakalala bila kujongea, masikio yameanguka. Akawadunga levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Baada ya muda mfupi wakanyanyuka. Miaka mitatu baadaye, mjini Vienna, Oleh Hornykiewicz na mwenzake walichunguza ubongo wa marehemu waliokuwa na Parkinson na kukuta dopamini imekwisha mahali ilipotakiwa kuwa nyingi. Mwaka 1967 George Cotzias, daktari mzaliwa wa Ugiriki aliyekuwa Marekani, alitegua kitendawili cha Guggenheim: alianza na dozi ndogo, akaongeza polepole kwa wiki kadhaa, hadi mwili ukazoea. Watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitini wakatembea. Baadaye ikaongezwa kabidopa, ambayo huizuia levodopa isitumike ovyo mwilini kabla ya kufika kichwani, na kichefuchefu kikapungua.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Kati ya Guggenheim aliyetapika na Cotzias aliyeinua wagonjwa, kemikali haikubadilika. Kilichobadilika ni kipimo.

Mwaka 1989 jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, lilikuwa na vita na ukame. Watu wenye njaa walikula mbegu za upupu, chakula cha dhiki ambacho wenyeji wanajua kukiandaa: huchemshwa tena na tena, na maji yake humwagwa. Mwaka ule maji yenyewe hayakuwepo ya kumwaga. Zaidi ya watu 200 walipatwa na wazimu wa ghafla, wakiona na kusikia yasiyokuwepo. Mbegu ile ni chakula kwa aliye na maji ya kutosha, dawa kwa aliyepimiwa, na sumu kwa aliyeila kwa kubahatisha.

Vitu vingine vinavyouzwa kwa wagonjwa wa Parkinson vimepimwa kwa subira kubwa, na majibu yake yanasikitisha. Vitamini E ilijaribiwa kwa wagonjwa 800 wa Marekani na Kanada. Matokeo ya mwisho yalitoka mwaka 1993 na hayakuonyesha faida. Koenzaimu Q10 ilileta matumaini mwaka 2002 kwa kundi la watu 80, kisha ikajaribiwa kwa watu 600 na utafiti ukasimamishwa kwa kukosa matunda. Kreatini walipewa watu zaidi ya 1,700, nayo hivyohivyo. Vitamini B6 ina kisa chake: wagonjwa wa mwanzo wa levodopa waliomeza vidonge vyenye vitamini hiyo waliona dawa yao imepoteza nguvu, kwa sababu iliharakisha levodopa kugeuka kuwa dopamini nje ya ubongo. Kabidopa imepunguza tatizo hilo, lakini daktari bado anahitaji kujua kila kilichomo kabatini.

Upupu peke yake umefaulu, kwa masharti. Mwaka 2004 hospitali ya mishipa ya fahamu ya Queen Square, London, iliwapa wagonjwa wanane unga wa upupu na vidonge kwa zamu. Gramu 30 za unga zilianza kufanya kazi baada ya dakika 35 hivi, vidonge baada ya dakika 69, na nafuu ya unga ilidumu zaidi. Lakini unga ule ulikuwa na levodopa mara tano ya ile ya vidonge. Nchini Bolivia, ambako wengi hawamudu bei ya vidonge, madaktari walikaanga mbegu, wakazisaga na kuwapa wagonjwa 18. Dozi moja moja ilifanya kazi vizuri. Walipowapa wagonjwa 14 kuitumia kila siku, katika utafiti wa wiki 16, nusu yao walishindwa kuendelea, wengine kwa matatizo ya tumbo, wengine kwa sababu mwendo wao ulizidi kuharibika. Walioweza kuvumilia walifanya vizuri kama walipokuwa kwenye vidonge.

Kopo la dukani halina hata uangalizi huo. Watafiti wa Marekani walipima bidhaa 16 za upupu na kukuta moja ina miligramu 2 za levodopa kwa dozi, na nyingine zaidi ya 200.

Kwetu suala hili si la mbali. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000 na kuwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote wanaumwa nini. Wengine walihesabu ni uzee, wengine ni kurogwa, na walikwenda kwa waganga kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mtu wa kuwasikiliza. Siwezi kuwalaumu wazee hao. Levodopa na kabidopa zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na Hai ni mwendo mfupi tu kutoka Moshi, penye hospitali kubwa ya rufaa ya KCMC. Hata hivyo, njia kati ya mzee na kidonge chake ingeanza na mhudumu wa zahanati anayejua kuutazama mkono unaotetemeka ukiwa umelala mapajani, na anayeuliza bila kumtisha mtu: mzee wangu, kuna dawa gani nyingine unatumia, na unakunywa kiasi gani?