Hela Moja Uani

Mashine ililia mara ya kwanza chini ya mwembe, tukafukua msumari. Ikalia tena karibu na kisima, tukapata kizibo cha soda. Mara ya tatu ilikuwa kopo la samli lililoliwa na kutu mpaka likabaki kama jani kavu. Kijana aliyeishika alikuwa ameiazima kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao huiita detekta, na alikuja na neno moja mdomoni: mali ya Mjerumani. Nyumba yenyewe iko Bagamoyo, nje kidogo ya Mji Mkongwe, kuta zake nene za mawe na chokaa, ua wake umezungushiwa ukuta ulioanza kubomoka. Mwenye nyumba, bibi wa miaka 80 na ushei, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele.

"Wajukuu zangu," alituambia, "huyo Mjerumani mnayemtafuta aliondoka na mizigo yake."

Kwenye pembe ya ua, penye udongo mweusi wa majivu, mashine ikatoa mlio mwembamba na mkali. Shibiri moja chini tukakuta kisahani cha shaba, upana wake kama ukucha wa dole gumba. Tulipokimwagia maji, taji likajitokeza upande mmoja. Upande wa pili, ndani ya shada la majani, tarakimu 1 na neno Heller. Mwaka ulisomeka vizuri: 1910.

"Hela moja tu!" kijana akaguna.

Mimi nilishindwa kuiweka chini. Neno ninalolitamka kila siku, nikilipa nauli, nikinunua mboga, nikikopa na kukopwa, lilikuwa limelala kiganjani mwangu.

Pesa kwanza, hela baadaye

Heller ni jina la kale la Kijerumani. Limetokana na mji wa Schwäbisch Hall, ambako katika Zama za Kati zilitengenezwa sarafu ndogo za fedha. Lilifika kwetu mwaka 1904, serikali ya kikoloni ilipoanza kutoa sarafu zake yenyewe. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64, kwa hesabu iliyotoka India. Mchuuzi wa sokoni alikuwa ameizoea: 64 ukizigawa kwa mbili ni 32, kisha 16, kisha 8. Serikali ikaigawa rupia upya kwa hela 100, na watu wakajifunza hesabu mpya wakiwa na vikapu vyao kichwani.

Pesa nayo ina safari yake. Neno ni la Kihindi, paisa, na sarafu za shaba za India zilikuwa zimeenea pwani yetu kabla hata Sultani wa Zanzibar hajatoa zake. Mwaka 1882, sawa na 1299 wa Hijria, Sayyid Barghash alitoa pesa ya shaba yenye picha ya mizani. Kwa malipo makubwa watu walitumia reale, ile dola ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sarafu yake iliendelea kutolewa kwa mwaka huohuo wa 1780, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi waliiamini kama ilivyo. Ilikuwa na uzito wa gramu 28, ukiiangusha sakafuni unajua kuna kitu kimeanguka.

Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji. Wapagazi walishusha pembe za ndovu hapa, wakalipwa hapa, na wengi wao walibeba ujira wao kurudi bara ukiwa majora ya merikani na ushanga, kwa kuwa huko ndiko vitu hivyo vilikofanya kazi ya fedha. Ndiyo maana ua wa nyumba ya pwani unaweza kutoa sarafu za tawala tatu au nne, ilhali nyumba ya zama hizohizo kule bara ikatoa shanga.

Kisha ikaja Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1888 watu wa pwani waliipinga kwa silaha, wakiongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, na Bagamoyo ukawa uwanja wa vita. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata, 1890, pesa za shaba za kampuni zikaanza kutoka. Upande mmoja zilikuwa na tai wa Ujerumani. Upande wa pili jina la kampuni liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi ambazo watu wa pwani waliandikia Kiswahili chao. Kampuni ilijua kwamba sarafu isiyosomeka haiaminiwi. Watu waliokuwa wametoka kuzika ndugu zao waliambiwa, kwa mwandiko wao wenyewe, nani sasa ndiye mwenye soko.

Na sarafu hizi hazikuja kwa ajili ya biashara peke yake. Mwaka 1898 ilianza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kibanda. Wengine mwanzoni walilipa kwa mazao au kwa kufanya kazi, lakini serikali ilitaka fedha taslimu, na anayetaka fedha taslimu kijijini sharti aende shambani kwa mzungu au kwenye ujenzi wa reli. Julai 1905, kule Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Majimaji vikaanza. Baada ya 1904, rupia 3 zilikuwa hela 300. Ukiishika hela moja yenye taji, umeshika sehemu ndogo kabisa ya deni ambalo watu walitoa uhai kulikataa.

Dhahabu ya Tabora

Sasa hiyo mali ya Mjerumani. Imani kwamba aliiacha ardhini ina watu wengi nchini. Wapo waliochimba chini ya maboma, kwenye mashina ya miembe mikubwa, hata makaburini. Wapo pia matapeli wanaouza rupia za kawaida kwa bei za kurusha roho. Lakini nyuma ya uvumi kuna tukio la kweli.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoikata koloni na Ujerumani, sarafu ziliadimika. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, Wajerumani walianza kugonga sarafu zao wenyewe. Hela 20 na hela 5 zilitengenezwa kwa shaba ya njano, nyingine ikitoka kwenye maganda ya risasi za mizinga. Na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke waligonga sarafu ya rupia 15: upande mmoja tai, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, na herufi T ya Tabora. Zilitoka 16,000 na kidogo tu, kisha Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji.

Waliogonga sarafu zile walikimbia kwa miguu, na nyuma yao wapagazi Waafrika wakafa kwa maelfu kwa njaa, maradhi na mizigo. Ukiyajua hayo, unaona kwamba hazina iliyozikwa kwa wingi katika vita vile ni watu. Makaburi yao mengi hayana alama, na hakuna mashine inayolia juu yake.

Sikio lisilo na macho

Mashine yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, akaunda chombo cha kuitafuta risasi mwilini. Alishindwa, nyaya za chuma za godoro zilimvuruga, na madaktari walimruhusu apime upande mmoja tu wa mwili. Katika Vita vya Pili vya Dunia, ofisa wa Kipoland Józef Kosacki alitengeneza kifaa cha kutambua mabomu ya ardhini, kikatumika El Alamein mwaka 1942. Kanuni ni ileile hadi leo: koili hutuma nguvu ya sumaku ardhini, metali iliyo chini huijibu kwa mkondo wake mdogo wa umeme, na mashine huligeuza jibu hilo kuwa mlio. Kwa sarafu ndogo haifiki mbali, shibiri moja au zaidi kidogo.

Kwa hiyo ina sikio, lakini haina macho. Inasikia kwamba kuna metali. Haijui imelala kwenye majivu au kwenye mchanga, juu ya sakafu ya kale au chini yake, pamoja na mifupa ya samaki au pamoja na vigae vya bakuli la China. Na hayo ndiyo yanayoifanya sarafu iseme.

Mfano mzuri uko Pemba. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, wanaakiolojia walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo na nyepesi, pamoja na dinari za dhahabu. Kwa sababu zilikutwa zikiwa pamoja, mahali panapojulikana, dinari zenye tarehe zilisaidia kuzijulia umri zile za fedha zisizo na tarehe. Tukajua kwamba watawala wa pwani hii walikuwa wakitengeneza sarafu zao za fedha, zenye majina yao, tangu karne ya 11. Vivyo hivyo kwa sarafu moja ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa iliyokutwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Sokoni haina bei kubwa. Pale ilipokutwa, inashuhudia njia ya dhahabu kutoka bara hadi Kilwa.

Sasa linganisha na zile za Australia. Mwaka 1944, katika kisiwa cha Marchinbar kaskazini mwa nchi hiyo, askari wa rada aitwaye Maurie Isenberg aliokota mchangani sarafu tisa. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, tano za Kilwa. Alizihifadhi kwenye kopo, na ni mwaka 1979 tu ndipo zilipotambuliwa. Kilwa na Australia! Wataalamu wanaumiza vichwa hadi leo, kwa maana mchanga ulioweza kueleza zilifikaje haukuchunguzwa siku ile. Bahati ni kwamba Isenberg alikuwa ametia alama ya X kwenye ramani. Alama hiyo ndiyo iliyowawezesha watafiti kurudi kisiwani mwaka 2013 na kuanza upya kuuliza.

Sheria zetu zinalijua jambo hili. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuvichimba kunahitaji kibali. Kenya, kwa sheria ya 2006, mpaka ni 1895. Ukikutana uani na shaba ya Kilwa, acha kuchimba, toa taarifa. Hela ya 1910 iko nje ya mipaka hiyo. Ulinzi wake umebaki kwa aliyeiokota.

Kijana alikuwa ameshaitia mfukoni, anahamia mwembe wa pili. Bibi akamwita, akanyoosha mkono, akaitazama sarafu kwa muda.

"Mmeitoa wapi, mwanangu?"

"Pale pembeni, Bibi."

"Pembeni wapi? Kwenye udongo mweusi?" Akaweka ungo chini. "Hapo palikuwa na jiko la bibi yake marehemu mume wangu. Alikuwa akipika vitumbua alfajiri, wateja wakichuchumaa hapohapo motoni. Na wakati huo anatafuta ya kodi."

Hatukusema kitu. Kisha kijana aliirudisha mashine ukutani, akaenda kisimani, akaanza kupima kwa hatua kuelekea kwenye pembe ile. Aliniomba kalamu, akaandika nyuma ya daftari lake: hatua 11 kutoka kisimani, shibiri moja chini, kwenye majivu ya jiko.