Askari wa Juba na Uzito Usiopimwa

Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 ulipomaliza vita vya waasi wa Anyanya kusini mwa Sudan, wapiganaji wao wapatao 6,000 waliingizwa jeshini. Mwaka 2006, baada ya amani ya 2005, Azimio la Juba likawaingiza katika SPLA, jeshi la kusini, wale waliokuwa mahasimu wake, na orodha ya mishahara ikarefuka mno. Kuanzia 2009 ukaja mpango wa kuwarudisha wapiganaji uraiani: fedha taslimu kidogo na posho ya chakula. Mara zote tatu amani ilimchukulia mpiganaji kuwa tumbo la kulishwa, na nadhani ndiyo maana mwili wake umesomwa vibaya. Sonona mara nyingi hukata hamu ya kula na kuvuruga usingizi, lakini katika mji kama Juba, ambako askari hukaa miezi bila mshahara, aliyekonda huulizwa amekula nini. Nani amuulize kama analala? Marekani mambo yamegeuka: tafiti za maveterani huko mara nyingi huhusisha kiwewe na unene. Jeraha ni lilelile, ila mwili hufuata kilichomo jikoni.

Yuko atakayejibu kwamba njaa ni njaa, na kuitafutia jina la hospitali ni anasa ya wageni. Njaa ya Juba ni ya kweli, wala hakuna tiba ya akili kwa mtu ambaye hajala tangu jana. Lakini mwaka 2007, miaka miwili baada ya amani, watafiti waliwahoji watu wazima 1,242 mjini humo, raia wa kawaida wakiwamo: asilimia 36 walikuwa na dalili za kiwewe cha vita, na nusu nzima za sonona. Hayo hayamalizwi na gunia la mtama. Wengine husema askari wa huku hawajiui, kwa kuwa hawamo kwenye kumbukumbu. Wataandikwaje? Sheria ya Adhabu ya Sudan Kusini ya 2008 inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na bunduki ikiwa nyumbani, familia ina kila sababu ya kusema ilifyatuka yenyewe. Mwaka 2016 Amnesty International ilikuta vitanda 12 tu vya wagonjwa wa akili katika Hospitali ya Kufundishia ya Juba, madaktari bingwa wa akili wawili kwa nchi nzima, na wagonjwa wengine wakiwekwa Gereza Kuu la Juba pasipo kosa. Askari aliyekiri alichotaka kujifanyia angeweza basi kufika gerezani kwa njia mbili: kama mhalifu, au kama mgonjwa.