Somo la Historia: Bunduki Ndogo ya Herstal

Mwenye kitabu na akifungue, na aliyechelewa akae karibu na mwenziwe wasome pamoja.

Watu wengi hudhani ya kuwa historia ni habari za wafalme na vita tu. Sivyo. Jembe lina historia, cherehani ina historia, na hata bunduki iliyotundikwa ukutani ina historia yake. Leo tutasoma habari za bunduki moja ndogo. Tutajifunza ni nani aliyeibuni, inafanyaje kazi, na mtu aliyerithishwa bunduki kama hiyo ana wajibu gani. Sikilizeni vizuri sehemu ya mwisho, maana hapo ndipo penye roho ya mtu.

Mbuni wa bunduki hii ni John Moses Browning, Mmarekani. Alizaliwa mwaka 1855 katika mji wa Ogden, katika jimbo la Utah. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi wa bunduki, na mtoto akakua katika karakana akichezea vyuma vibovu. Mwaka 1879, alipokuwa na umri wa miaka 24, alipata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake wa kwanza. Baadaye kampuni kubwa ya Winchester ikainunua bunduki hiyo, na kwa muda wa miaka karibu 20 Browning akawa anaiuzia kampuni hiyo mawazo yake.

Lakini mwaka 1902 wakakosana. Browning alikuwa amebuni bunduki ya marisasi iliyojipakia yenyewe. Akataka alipwe fungu fulani kwa kila bunduki itakayouzwa. Winchester walizoea kununua ubunifu mara moja na kumaliza, wakakataa. Basi Browning akaichukua bunduki yake, akapanda meli, akavuka bahari mpaka Ubelgiji, kwenye kiwanda kiitwacho Fabrique Nationale, katika mji wa Herstal karibu na Liège. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1889 ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za Mauser. Ubelgiji ndiyo nchi ile iliyotawala Kongo tangu 1908 hadi 1960, na ambayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilipewa Ruanda-Urundi.

Huko Herstal, mwaka 1914, ndiko ilikoanza kutengenezwa bunduki ya somo letu. Haikuwa bunduki ya vita. Ilikuwa ya kupigia shabaha na kuwindia wanyama wadogo, kama sungura. Uzito wake ni kilo mbili na kidogo tu. Kipenyo cha risasi yake ni karibu milimeta 5.6, nayo huitwa risasi ya ishirini na mbili, maana ni sehemu 22 kati ya mia za inchi moja.

Tazameni sasa mambo ya dunia. Bunduki hii ya michezo ilizaliwa mwaka ule ule wa vita. Mwezi Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia Liège, na kiwanda kikaangukia mikononi mwao. Vita vilipokwisha mwaka 1918 kazi ilianza upya. Kuanzia mwaka 1922 kampuni ya Remington ikaitengeneza bunduki hiyo Marekani pia. Browning mwenyewe alifariki dunia tarehe 26 Novemba 1926, humo humo kiwandani Herstal, mbali na kwao Utah. Mwaka 1940 Wajerumani wakaja tena, wakakaa mpaka 1944. Vita viwili vilipita juu ya kiwanda, na bunduki ndogo ikabaki. Katika miaka ya 1970 kazi ya kuitengeneza ilihamia Japani, kwa kampuni ya Miroku.

Sasa tuone inavyofanya kazi. Mnajua gobori: mtu humimina baruti mdomoni, hushindilia kwa mdeki, hutia fataki, ndipo apige. Fataki ni kile kidogo kinacholipuka kinapogongwa, kikawasha baruti. Katika risasi yetu ya leo, fataki imefichwa ndani ya ukingo wa ganda, yaani lile duara la nje la kitako chake. Mfaransa Flobert alianza kutumia njia hiyo mwaka 1845, Smith na Wesson wa Marekani wakatoa risasi ya ishirini na mbili fupi mwaka 1857, na ile ndefu tuitumiayo zaidi ikatoka mwaka 1887.

Unapofyatua, sindano ya mtambo hugonga ukingo, baruti huwaka, risasi huenda mbele. Nguvu ile ile hulisukuma ganda nyuma pamoja na bolti, yaani chuma kinachoziba nyuma ya mtutu. Ganda tupu huanguka chini, wala halirukii kando. Kisha springi huirudisha bolti mbele, nayo huja na risasi mpya. Risasi hizo hukaa katika bomba ndani ya kitako cha bunduki, nazo huweza kufika 11. Lakini kila risasi inahitaji kidole kivute tena. Ndiyo maana husemwa ya kuwa bunduki hii hujipakia yenyewe, lakini haijipigi yenyewe.

Tena huachana vipande viwili. Chini ya mtutu pana kikufuli kidogo. Ukiisha kutoa risasi zote, vuta bolti nyuma kidogo, sukuma kikufuli mbele, zungusha robo ya mzunguko tu. Mtutu huchomoka, na kila kipande ni karibu nusu meta, hutosha katika mfuko. Siri yake ni parafujo ambayo meno yake yamekatwa sehemu fulani, ili isihitaji kuzungushwa mara nyingi. Browning alijua ya kuwa chuma kikisuguana na chuma hulegea. Kwa hiyo aliweka pete yenye meno. Mtutu ukilegea, pete husogezwa jino moja, ukakaza tena. Hivyo ndivyo fundi mwema afikirivyo: haangalii siku ya kuuza tu, huangalia na miaka 50 ijayo.

Kitunze chako, ndugu. Zamani fataki nyingi zilikuwa na dawa iliyoacha chumvi ndani ya mtutu. Asiyesafisha siku ile ile alikuta kutu, kama bati la nyumba ya pwani. Fataki zisizoleta kutu zilienea tangu miaka ya 1920, lakini jasho la mkono na unyevu vingalipo. Kwa kuwa mtutu huchomoka, pitisha ufito wa kusafishia kutoka nyuma kuelekea mdomoni, usije ukaukwaruza mdomo. Mdomo ukiharibika, shabaha hupotea. Futa, paka mafuta kidogo, wala usiyamwage, maana mafuta mengi hushika vumbi na masizi. Wala usifyatue bunduki tupu kwa mchezo. Sindano ikikosa ganda hugonga chuma cha mtutu wenyewe, ukingo ukatoboka, na risasi ikafika mahali isiweze kukaa sawa.

Na sasa lile nililowaahidi. Mtu huchomoa bomba la risasi, humimina zote mkononi, huzihesabu, husema, "Ni tupu." Je, ni tupu? La. Risasi moja huenda imebaki ndani ya mtutu, na nyingine njiani kutoka kwenye kitako. Bomba halijui habari zake. Kwa hiyo elekeza mdomo mahali pasipo mtu, vuta bolti nyuma zaidi ya mara moja, kisha tazama kwa macho na upapase kwa kidole. Mwenzio akikupa bunduki na kukuambia ni tupu, usimwonee haya; tazama wewe mwenyewe mbele yake. Kutazama si kumwita mwenzio mwongo. Kifungo cha usalama ni msaada tu, si mlinzi.

Tena msiidharau kwa udogo wake. Risasi hii huweza kwenda zaidi ya kilometa moja. Kabla ya kupiga, jua kilichoko nyuma ya shabaha yako: kichuguu, au shamba la jirani. Hifadhi bunduki kwa kufuli, risasi mahali pengine, na ufunguo mbali na watoto. Na kumbukeni, Kenya na Tanzania mtu hawezi kumiliki bunduki bila leseni. Bunduki ya marehemu babu haiwi yako kwa kuwa uliikuta uvunguni. Ipeleke habari yake polisi, ufuate sheria.

Browning alitumia maisha yake kuhakikisha ya kuwa kila chuma kinafanya kazi yake. Kazi moja hakuweza kuitia katika chuma, nayo ni busara. Hiyo ameiacha kwa mwenye kuishika.

Sasa zungumzeni darasani, kisha mwandike majibu:

1. Kwa nini Browning alivuka bahari kwenda Ubelgiji mwaka 1902?
2. Fataki ya risasi hii iko wapi?
3. Pete yenye meno hufanya kazi gani?
4. Jirani anakupa bunduki, anasema ni tupu. Utafanya nini, na utamwambia maneno gani ili asikasirike?

Kwaherini, ndugu. Tukutane katika somo lijalo.