Sharaku na Sura za Kweli

Mwaka 1794, mchapishaji Tsutaya Jūzaburō wa Edo, Tokyo ya leo, alitoa kwa mkupuo picha 28 za waigizaji wa tamthilia za kabuki, mandhari yake yakimetameta kwa unga wa ulanga. Mchoraji, Tōshūsai Sharaku, hakuwa na jina mjini.

Mchongaji aliichonga michoro yake kwenye mbao za mcheri, kila rangi na ubao wake; mpiga chapa akamalizia. Lakini mashabiki walinunua urembo, naye Sharaku aliwapa pua kubwa na makunyanzi. Hata wanaume walioigiza wanawake aliwaachia mataya yao ya kiume. Ujasiri huo, kibiashara, ulikuwa wazimu.

Alichora pia Daidōzan Bungorō, mtoto mnene aliyeonyeshwa kwenye ulingo wa sumo kama kioja. Miezi kumi hivi baada ya picha zake za kwanza akatoweka, huku mchoraji mwenzake Utagawa Toyokuni, fundi wa kupendezesha, akiendelea kuuza.