Sindano za Makunyanzi ya Uso: Ipi Halali?

SUALI:

Mimi ni mama wa miaka 49, naishi Unguja. Miaka minne nyuma nilipooza uso upande wa kushoto. Nikapata nafuu, lakini nikizungumza au nikicheka jicho hujifumba lenyewe na shavu huvuta. Binti yangu anaolewa karibuni na wifi yangu anayeishi Dubai amejitolea kunilipia sindano za uso huko. Daktari ametaja aina mbili: ya kulegeza misuli na ya kujaza mikunjo. Tunataka na makunyanzi ya kipaji na pembeni mwa mdomo yaondoke. Mume wangu ameridhia. Ipi kati ya hizo ni halali?

JAWABU:

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake wote.

Dada yetu muulizaji, umeuliza ipi kati ya sindano mbili. Kabla ya kuchagua sindano, tazama unachoiendea. Katika suali lako mna mambo mawili yenye hukumu mbalimbali: jicho na shavu lililoathiriwa na maradhi, na makunyanzi yaliyoletwa na umri.

Kwanza: jicho na shavu

Hili ni tiba. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.) alipokatwa pua vitani aliweka pua ya fedha, ikaoza, na Mtume (S.A.W.) akamuamrisha aweke ya dhahabu, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, lakini hapa iliruhusiwa ili kuondoa aibu na madhara.

Sindano ya kulegeza misuli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Botox, ilianza kama dawa. Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa ajili ya makengeza na macho yanayojifumba yenyewe, na haikuidhinishwa kwa makunyanzi yaliyo baina ya nyusi mpaka mwaka 2002. Hutumika pia kwa misuli ya uso inayovuta baada ya kupooza, yaani hali kama yako.

Dawa hii kwa kawaida huchanganywa na albumini, protini inayotolewa katika damu ya binaadamu, na asili ya damu ni najisi. Hata hivyo wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i wameruhusu kujitibu kwa kilichochanganyika na najisi pale daktari muaminifu anaposema hakuna kilicho tohara cha kushika nafasi yake. Kwa hivyo, daktari akithibitisha unaihitaji kwa jicho na shavu, inajuzu wala usione uzito.

Pili: makunyanzi ya umri

Katika hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) iliyomo kwa Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanaochanja miili, wanaonyofoa nyusi na wanaotenganisha meno kwa kutafuta uzuri, kwa kuwa wanabadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Imam Nawawi ameeleza kwamba katazo la meno ni kwa anayetafuta uzuri. Ama anayehitaji kwa tiba au kasoro, hakuna ubaya. Na katika hadithi nyengine Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee.

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, azimio namba 173, iliamua kuwa haijuzu kuondoa makunyanzi kwa upasuaji wala kwa sindano, ila ikiwa ni hali ya maradhi na madhara yasiwepo. Wapo wanazuoni wa zama hizi wanaolegeza kwa sindano ambazo athari yake huondoka, wakiifananisha na mapambo ya muda, kwa sharti pasiwe na najisi, madhara wala udanganyifu. Tunayoifuata na kukunasihi nayo ni kauli ya Majmaa.

Tofauti ya sindano hizo

Tunaieleza kwa sababu wengi wameuliza. Ya kulegeza misuli hudumu miezi mitatu hadi minne, kisha hurejewa na kulipiwa tena. Ya kujaza, ile ya asidi ya hayaluroni, hudumu takriban miezi sita hadi mwaka na zaidi, na siku hizi nyingi hutengenezwa kwa bakteria. Basi kwa upande wa tohara ni nyepesi kuliko ya kwanza. Lakini kwa upande wa madhara ni nzito: ikiingia katika mshipa wa damu huweza kuua ngozi au kupofua jicho. Zipo pia za kolajeni ya ng'ombe au ya nguruwe. Ya nguruwe haina nafasi kabisa katika pambo. Hivyo hakuna kati ya hizo inayohalalika kwa jina lake tu.

Mambo ya kuzingatia ukienda kutibiwa

1. Tafuta kwanza daktari mwanamke Muislamu. Akikosekana, mwanamke mwengine muaminifu. Kisha daktari mwanamume, na mahram wako awepo.

2. Usichomwe saluni wala nyumbani. Dawa bandia zipo, na sumu hii ikizidi kipimo hudhuru. Mwenye mimba, anayenyonyesha au mwenye maradhi ya misuli amueleze daktari mapema.

3. Madaktari wengi hukataza kuinama na kulala kwa saa nne hivi baada ya sindano. Panga ichomwe saa mbili asubuhi, ili Adhuhuri ikikufikia usujudu kama kawaida. Sala isicheleweshwe kwa ajili hii.

4. Udhu hauathiriki, kwani dawa iko chini ya ngozi na maji yanafika. Wala saumu haiharibiki: Majmaa hiyo, mwaka 1997, ilipitisha kuwa sindano ya ngozi, misuli au mshipa isiyokuwa ya lishe haifunguzi.

Ama aliyekwishachoma kwa ajili ya uzuri, sala zake ni sahihi na halazimiki kuitoa. Alete toba, na asirejee.

Hitimisho

Mwambie daktari: nitibu jicho na shavu, makunyanzi yaache. Ridhaa ya mume ni jambo jema, lakini haihalalishi lililokatazwa. Kwa harusi ya binti yako, liwa, singo, hina na wanja vipo, mbele ya mumeo na wanawake wenzako. Na huo uso uliokunjamana kwa kumlea mpaka akafika kuolewa si aibu ya kufichwa siku ya furaha yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu akupe shifaa kamili na aibariki ndoa ya binti yako. Amin.

Wallahu aalam.